Jibu: Nihakiki filamu au nitengeneze kwanza?
Ndugu, umeuliza kama mwanafunzi wa filamu aanze kwa kuhakiki kazi za wenzake au ashike kamera moja kwa moja. Fanya yote mawili, ila ukihakiki anza na sauti. Filamu nyingi za wanafunzi nilizotazama hapa Kisumu zina picha safi, lakini mazungumzo yanamezwa na upepo wa ziwa. Inauma! Ukirekodi ufukweni Dunga, vika maikrofoni kifuniko cha manyoya cha kukinga upepo, isogeze karibu na mwigizaji, kisha wote wanyamaze nusu dakika urekodi sauti ya mahali penyewe: mawimbi, ndege, injini za boti. Mhariri ataziba mapengo kwa sauti hiyo.

Katika uhakiki, andika ni dakika ya ngapi hadithi ilikupotea. Mwongozaji anaihitaji hiyo kuliko "imenibamba". Ukiandika wa kwanza uweke hapa, nitausoma.