Krismasi mnakula saa ngapi? Majibu kwa wasomaji

Mwezi huu barua nyingi zimeuliza kitu kimoja kwa namna tofauti, chakula kikubwa cha Krismasi kiliwe saa ngapi, na nimechagua tano maana nyingine zinafanana. Mimi msimamo wangu nausema mapema ili mjue niko upande gani: saa ya kula aipange anayepika, na yeye mwenyewe akae chini ale na wenzake. Mengine yote yanazungumzika.

SWALI: Kila Krismasi kwetu tunakuwa watu kama 30, wakwe, mashemeji, watoto wa ndugu, wote wanakuja kwangu. Tunasema tutakula saa 7 mchana ila haijawahi kutokea hata mara moja, ikiwahi sana ni saa 11 jioni, watoto washashiba soda na biskuti, wengine wamelala, na mimi nikishapakua nimechoka kiasi kwamba chakula hakipiti. Mume wangu anasema nianze mapema. Mapema saa ngapi jamani, na kanisani niende lini? (Mama wa watatu, Kibaha)

JIBU: Pole sana mama, kulisha watu 30 sio mchezo na unastahili pongezi kabla ya ushauri. Kuanza mapema peke yake hakutakusaidia kama kazi zote bado zimerundikana asubuhi ya tarehe 25. Hebu tuhesabu kwa kurudi nyuma. Tuseme mnakula saa 8 mchana, achana na saa 7, haiwezekani kwa mtu aliyetoka kanisani. Pilau la watu hao ni kama kilo 4 za mchele na nyama kilo 4 au 5. Mchele uingie saa 6 na nusu ili saa 7 na robo maji yawe yamekauka, upalie mkaa juu ya mfuniko, uliache limalizikie taratibu bila mtu kufunuafunua. Kabla ya hapo kuna kitunguu, na hapa ndo muda wa watu wengi unapopotelea, maana kitunguu cha pilau hakikimbizwi, ukiweka kilo nzima kwenye sufuria moja kinatoa maji kwanza, kinachemka kwenye maji yake yenyewe, halafu ndo kinaanza kukaangika, kinakuwa cha dhahabu, kinakuwa kahawia, na ukikosa subira ukamwaga tangawizi na kitunguu saumu kikiwa bado cheupe basi pilau litatoka limepauka na hakuna binzari itakayoliokoa. Kipe dakika 45. Kwahiyo kitunguu kiwe jikoni saa 5 na nusu.

Sasa nyama. Nyama ya ng'ombe wetu wa kienyeji kwa moto wa mkaa inataka saa moja na nusu mpaka masaa mawili ilainike, na ndo inayokuangusha kila mwaka kwa sababu unaianza ukishatoka kanisani. Ichemshe jioni ya tarehe 24, ikishapoa kidogo ingia nayo kwenye friji pamoja na supu yake. Kama friji hamna usithubutu kuilaza mezani, joto la Desemba huko Pwani halina huruma, omba nafasi kwa jirani au ianze saa 12 asubuhi tarehe 25. Binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga vyote vitwangwe siku moja kabla. Kachumbari ikatwe asubuhi ila chumvi na ndimu viingie watu wakishakaa, la sivyo inachuja maji.

Kanisani nenda kwenye mkesha. Kwa Wakatoliki aliyesali misa ya jioni au usiku wa tarehe 24 ameshatimiza wajibu wake wa Krismasi, na sharika nyingi za Kilutheri pia zina ibada ya mkesha, kwahiyo asubuhi familia iende na wewe ubaki na sufuria zako bila kujisikia vibaya. Ila usibaki peke yako! Hapa ntasema kitu ambacho najua baadhi ya kina baba hawatakipenda, mume wako anaposema anza mapema muulize yeye na kaka zake wanaanza nini. Kumenya vitunguu kilo nzima, kuwasha mkaa majiko mawili, kuchoma nyama, kubeba viti, kuosha sahani za asubuhi, hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mtu awe mama. Tuma ujumbe kwenye grupu la familia wiki moja kabla, mgawanyo wa kazi kwa majina, na saa ya kula iandikwe hapo hapo: saa 8, atakayechelewa atakuta chake kwenye hotpoti. Na ukimaanisha saa 8, saa 8 pakua, hata kama shemeji mkubwa bado yuko kwenye foleni Kimara. Watoto saa 6 wapate chapati moja moja na supu, njaa ya mtoto haisubiri wageni.

La mwisho kwako, pilau lisikae nje zaidi ya masaa mawili tangu litoke motoni. Kwenye wali kuna vijidudu ambavyo mbegu zake zinapona hata baada ya kupikwa, wali ukikaa kwenye uvuguvugu vinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo ukipasha moto haiondoki. Watu wanasema wamechafukwa tumbo kwa sababu ya kula sana, kumbe mara nyingine ni lile sinia lililokaa mezani tangu mchana mpaka saa 3 usiku.

SWALI: Bibi yangu ana miaka 80 na kitu, Krismasi yupo na sisi, na hataki mtu yeyote anywe hata chai kabla ya misa. Misa yetu inaisha karibu saa 6 mchana. Mama anaogopa kumbishia. Hii sheria ipo kweli? (Mjukuu, Morogoro)

JIBU: Ilikuwepo, bibi hajatunga. Alipokuwa mtoto Mkatoliki anayekwenda kukomunika alifunga kuanzia saa 6 usiku, hata maji hakunywa. Papa Pius XII akaruhusu maji mwaka 1953, na 1957 akashusha mfungo wa chakula ukawa wa masaa 3. Mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya saa moja tu, na inahesabiwa kabla ya komunyo, sio kabla ya misa kuanza. Maji na dawa havivunji, na wazee, wagonjwa na wanaowahudumia hawabanwi na hata hiyo saa moja. Kwahiyo bibi analinda kitu alichofundishwa na makatekista wake akiwa binti mdogo, na ukiwaza watu waliotembea kwa miguu kwenda misheni na kurudi bila tone la maji utaelewa kwa nini mlo wa baada ya misa ulikuwa mkubwa hivyo. Msimbishie. Anayetaka kufunga naye afunge, ni heshima nzuri kwake. Ila watoto wanywe uji, na kama bibi mwenyewe anatumia dawa za sukari au presha, mama amwombe padri au katekista aongee naye mapema, atamsikiliza kuliko ninyi. Bibi akibaki na njaa na ana sukari hiyo ni hatari ya kweli.

SWALI: Nimeolewa uchagani, mimi kwetu Tanga. Kwetu Krismasi ni sahani moja kubwa mchana, tunakaa wote tunakula tunamaliza. Kwa wakwe zangu Marangu mwaka jana sikuelewa chochote, asubuhi supu, baadaye vipande vya nyama, baadaye ndizi, tukahamia nyumba ya baba mdogo nako wanakula, nikawa najiuliza chakula chenyewe ni kipi, mpaka nikashiba vitu vidogo vidogo na ndizi nyama zikaja saa 10 nikashindwa kula, wifi akanuna. Nifanyeje mwaka huu? (Mkwe mpya)

JIBU: Dada, kilichokuchanganya ni kwamba ulikuwa unasubiri saa moja ya kula na kule hakuna saa moja, kuna siku nzima. Mbuzi anachinjwa asubuhi, au jana yake, na kinachoiva mwanzo ndo kinacholiwa mwanzo: supu, maini, kisusio (supu yenye damu ya mbuzi) kwa wanaokunywa, halafu nyama ya kuchoma, halafu machalari, ndizi na nyama zilizopikwa pamoja mpaka mchuzi umekuwa mzito. Na nyama haigawiwi ovyo, kila kiungo kina mwenyewe kufuatana na nafasi yake kwenye ukoo, kwahiyo wanaume wakichelewa kule nje usidhani wanapoteza muda, wanagawa kwa utaratibu waliourithi. Nyumba za ndugu zimepangana kwenye vihamba (mashamba ya ukoo) jirani, mnazunguka, na kila nyumba unayoingia mwenye nyumba anategemea uonje. Wengine wamesafiri kutoka Dar, Mwanza, Nairobi, hawajaonana tangu Desemba iliyopita, na kuonana kwenyewe ndo kunafanyika hapo kwenye vibakuli.

Kwahiyo onja kidogo kila mahali, nusu kikombe cha supu, kipande kimoja cha nyama, shukuru, endelea kupiga stori. Siku moja kabla muulize mama mkwe, mwambie tu, mama nyumba yetu sisi tunapakua saa ngapi kesho ili nije tusaidiane. Swali hilo litakufungulia mlango kuliko zawadi yoyote, maana utaingia jikoni kama mtu wa nyumbani, utamenya ndizi nao (paka mafuta mikononi kwanza, utomvu wa ndizi mbichi unaacha weusi siku kadhaa) na ukiwa umemenya mwenyewe hutashindwa kuzila. Kama una mtoto mdogo, mtori (supu nzito ya ndizi) wa asubuhi umtoshe, usimsubirishe machalari. Na wifi mpigie simu sasa hivi, usingoje Desemba.

SWALI: Nasoma Krakow, Poland. Familia ya mwenzangu wa darasani imenialika tarehe 24 "kabla ya giza", wakaniambia nisile mchana. Mimi nilijua Krismasi ni 25. Niende na nini, na kuna nyama? (Mwanafunzi)

JIBU: Nenda, na uwahi. Poland mlo mkubwa wenyewe ndo huo wa tarehe 24, unaitwa Wigilia, na hawaanzi mpaka nyota ya kwanza ionekane, watoto wanatumwa dirishani kuitafuta. Usiogope kukaa na njaa mpaka usiku wa manane, Desemba jua la Krakow linazama kabla ya saa 10 jioni. Nyama hamna kabisa kwenye meza hiyo, kuna samaki, mara nyingi karpi, kuna supu nyekundu ya kiazi sukari, kuna pierogi, mfano wa sambusa ndogo za kuchemsha, zilizojazwa kabichi na uyoga, kwa desturi vyakula 12 kwa idadi ya mitume, na unategemewa uonje kila kimoja kwahiyo pakua kidogo sana mwanzoni. Kabla ya kula kila mtu anapewa kipande cha mkate mwembamba mfano wa hostia, unamega cha mwenzako na yeye anamega chako mnatakiana heri, mmoja mmoja mpaka mzunguke wote. Andaa maneno mawili matatu ya kusema, hata kwa Kiswahili, watafurahi. Na ukiona sahani ya ziada imewekwa na hakuna aliyekaa usishangae, ni ya mgeni ambaye hakutarajiwa. Baadaye wengi wanaenda misa ya usiku, nyama zinakuja tarehe 25.

Na usione ni wao tu. Waethiopia na Wakopti wa Misri wanasherehekea tarehe 7 Januari baada ya mfungo wa siku 43 bila nyama wala maziwa, wanakula wakitoka kanisani, usiku au alfajiri. Uingereza ni mchana wa tarehe 25, na saa 9 alasiri kuna hotuba ya mfalme, ilianza redioni mwaka 1932, familia nyingi zinapanga mlo uwe umeisha kabla yake, huku kwetu inakuwa ni saa 12 jioni. Peleka maua au chokoleti, na mwisho waombe wakufundishe kukunja pierogi.

SWALI: Mimi ni Muislamu, jirani yangu Mkristo kanialika chakula cha Krismasi, sisi huwa tunapelekeana sahani Idi na Krismasi. Hajasema saa. Na Krismasi ya 2026 ni Ijumaa. Niende saa ngapi, na nyama niulizeje bila kumkwaza? (Tandika, Dar)

JIBU: Sali Ijumaa yako kwanza, mpaka saa 7 na nusu hivi utakuwa umetoka, saa 8 uko kwake, na kwa nyumba nyingi za hapa mjini hiyo ndo saa wanapopakua. Nyama muulize leo, wiki kadhaa kabla, kwa maneno ya kawaida tu, jirani mwaka huu mnachinjia wapi, nani anachinja. Mkiwa majirani wa siku nyingi huenda ameshalifikiria, wapo wengi wanaomwita Muislamu achinje ili meza iwe ya wote. Akisema ni kuku wa kununua sokoni, jitolee wewe umchinjie. Na sahani aliyokuletea Krismasi iliyopita usiirudishe tupu.