Ukienda Uskoti kwa kumfuata mchekeshaji

Nilikwenda Uskoti kwa sababu ya mtu mmoja anayenivunja mbavu. Billy Connolly, mzaliwa wa Glasgow, alichomelea vyuma kwenye viwanda vya meli vya mto Clyde kabla ya kushika banjo, na hatimaye akaishi kwa kuchekesha. Mwaka 1994 BBC ilionyesha vipindi vyake vya kuizunguka nchi yake: usiku yuko jukwaani, mchana yuko njiani akisimulia habari za mahali alipo. Nilivitazama mpaka nikajiona mwenyeji. Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku ya pili, kwenye nyumba ya wageni, mama mwenye nyumba aliniletea kifungua kinywa. Nikamrushia mzaha wa ubahili wa Waskoti, nikiiga hata lafudhi. Akatabasamu kwa adabu, akachukua birika, akaondoka. Chai yenyewe nilikuwa sijamimina.

Sisi tuliokulia kwenye utani tulipaswa kulijua hili kuliko watu wengine. Utani una wenyewe. Connolly anawachapa Waskoti kwa sababu ni mtani wao: kazaliwa nao, kafanya kazi nao. Mimi nilikuwa mpita njia mwenye begi la magurudumu. Kwa hiyo vichekesho viache nyumbani, uende na maswali. Uliza habari za mvua tu, utaona wao wenyewe wanavyoanza kujicheka.

Jambo la pili: vitazame vipindi mara mbili, na mara ya pili uwe na ramani. Televisheni hula umbali. Mtu yuko Glasgow, ukipepesa macho yuko visiwa vya Orkney. Mimi niliamini nikitoka Glasgow asubuhi kwa gari, jioni nitakuwa kati ya mawe ya kale ya Orkney. Njia hiyo ni kilomita zaidi ya 400 mpaka bandari ya Scrabster, kisha feri ya saa moja na nusu hivi hadi Stromness. Feri niliiona mgongo. (Kesho yake ilinilipa: inapita karibu na Old Man of Hoy, nguzo ya mwamba ya mita 137 iliyosimama baharini peke yake.)

Wanaendesha kushoto kama sisi, lakini kaskazini kuna barabara za upana wa gari moja, zenye sehemu zilizotanuliwa za kupishana. Sehemu hizo si za kumpisha anayekuja mbele yako tu. Aliye nyuma yako mwenye haraka naye mpishe. Ukipishwa, inua mkono kushukuru. Wala usipaki hapo ukapige picha.

Na picha zenyewe. Nilipofika bonde la Glencoe nilipiga nyingi mno kabla ya kusoma chochote. Februari 1692 askari walikaribishwa humo na ukoo wa MacDonald, wakala na kulala majumbani mwao karibu wiki mbili, kisha alfajiri ya tarehe 13 wakawageukia wenyeji wao. Waliuawa watu wapatao 38, wengine wakafia kwenye theluji wakikimbia. Mgeni kumuua aliyemlisha! Baada ya kusoma hayo sikuweza kupiga picha nyingine. Hata ukimya unaousifia kwenye mabonde ya kaskazini, uchunguze: mengi yalikuwa na watu, wakaja kufukuzwa karne ya 18 na ya 19, ardhi ikapewa kondoo. Mandhari bila habari zake ni kalenda ya ukutani.

Kuhusu visubi, kipindi hakiwezi kukuandaa. Kiangazi wanatoka kwa makundi kama mawingu, hasa jioni kusipo na upepo. Vaa mikono mirefu, nunua na wavu wa kichwa, usione haya.

Ukibakiwa na nusu siku Glasgow, tembea kwa miguu katikati ya jiji utafute picha za Connolly zilizochorwa kwenye kuta za majengo mwaka 2017 alipotimiza miaka 75. Zilichorwa tatu, na kuzitazama hakuna kiingilio. Mimi nilimuuliza njia mzee mmoja kituo cha basi. Alinielekeza kwa dakika kumi, nikaelewa labda maneno sita, na wote wawili tukacheka.