Shingo haijavimba: je, yaweza kuwa thairoidi?

Swali: Dokta, mtoto wa dada yangu ana miaka 14, naishi naye hapa Kadutu, Bukavu. Tangu mwaka jana amekuwa mzito. Analala mchana, masomo yameshuka, anavaa sweta hata jua likiwaka. Mama yake, aliyeko Idjwi, alipasuliwa rovu. Shingo ya mtoto naiona kawaida. Tupime nini?

Jibu: Mama, yaweza kuwa thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya shingo, na umefanya vema kutongoja shingo ivimbe. Tezi huweza kulegea, yaani kufanya kazi kidogo, bila uvimbe wowote, na mwenye rovu kubwa huweza kuwa na tezi inayofanya kazi sawasawa.

Kwa mtoto wa umri huo mimi huanza na urefu. Sare na viatu vya miaka miwili iliyopita bado vinamtosha? Tezi ikilegea, mara nyingi mtoto huacha kurefuka kabla ya mengine kuonekana. Muulize pia, kwa faragha, kuhusu choo kigumu, ngozi kavu na hedhi nzito au iliyochelewa. Angekuwa anakonda huku anakula vizuri, mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio, ningefikiria tezi iliyozidisha kazi.

Kuhusu Idjwi: watafiti walichunguza rovu kisiwani humo miaka ya 1960 na kukuta upungufu wa iodini, madini ambayo tezi huyahitaji. Muhogo usioandaliwa vizuri huongeza tatizo, kwa kuwa mwili hutengeneza kutoka humo thiosianati, inayozuia tezi kuchukua iodini. Lakini ugonjwa wa tezi hurithika pia, kwa hiyo mweleze daktari habari za mama yake. Usimpe matone ya iodini kwa kubahatisha. Iodini ikizidi huweza kuivuruga tezi zaidi. Chumvi yenye iodini inatosha, ifunikwe vizuri na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Omba kipimo cha TSH pamoja na T4 huru, yaani homoni ya thairoidi yenyewe. TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na hupanda thairoidi inapochoka. Si lazima awe hajala. Kama anameza vidonge vya nywele vyenye biotini, aviache angalau siku 2 kabla, maana huharibu majibu. Kwa damu hiyohiyo wapime wekundu wa damu, kwani upungufu wa damu huleta uchovu uleule. Wengi hukimbilia ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) kwanza, nami siipendi tabia hiyo: inaonyesha umbo la tezi tu, haisemi kama inafanya kazi.

TSH ikiwa juu kidogo tu, irudiwe baada ya wiki kadhaa kabla ya kuanzishiwa dawa. Ikiwa juu sana, uliza kuhusu anti-TPO, kingamwili zinazoonyesha kama mwili unaishambulia tezi yake wenyewe.

Akianza kupumua kwa shida akilala, au kushindwa kumeza, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. La sivyo, niandikie namba za majibu pamoja na viwango vya kawaida vilivyochapwa pembeni, kwa sababu kila labo ina vyake.