Roboti 12, msimamizi mmoja

Ndugu yangu, umesema umekabidhiwa zamu ya usiku kwenye ghala huko Dubai, roboti 12 za kubeba rafu, na zote zinakuita kwa mpigo mmoja. Pole sana. Uzembe si wako, hesabu ndiyo imekataa.

Chukua saa upime mambo mawili. Roboti moja hufanya kazi muda gani kabla ya kukuhitaji? Na ikikuita, inakuchukua muda gani kuikwamua? Ikienda dakika 10 peke yake, kisha ikala dakika 2 zako, uwezo wako ni roboti 6 hivi: 10 gawanya kwa 2, jumlisha 1. Na hiyo ni pale ambapo haziiti pamoja. Mpelekee bosi daftari lenye vipimo hivyo, atakusikiliza kuliko malalamiko.

Kwa sasa, usikimbilie iliyoita kwanza. Anza na iliyoziba njia, maana nyuma yake kuna tatu zimesimama, taa zikiwakawaka. Iliyokwama pembeni ingoje.

Chaji ndiyo inayoumiza wengi. Zikianza kazi pamoja, zitaishiwa pamoja, saa ileile lori linasubiri mzigo. Zipeleke mbilimbili mapema, hata zikiwa na nusu ya betri. Kazi zipange kwa saa ya lori kuondoka, halafu iachie programu ichague roboti iliyo karibu. Ukigawa kila safari kwa mkono utalemewa.

Na nakusihi, usiingie kuokota boksi lililoanguka kabla hujasimamisha eneo lote. Hata kama ni kwa sekunde 5.