Jibu: Goti linalokwama na upasuaji wa kamera
Salaam, ndugu wa Jinja. Umeeleza kwamba goti lako limekuwa likikwama tangu ulipoanguka kwenye boda boda, kwamba eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika, na kwamba daktari wa Kampala amekushauri ufanyiwe athroskopi, yaani upasuaji wa kutumia kamera ndogo inayoingizwa ndani ya goti. Unauliza kama ukubali.

Kabla ya kulipia chochote, hakikisha umepigwa picha ya MRI, yaani ile ya mashine ya sumaku inayoonyesha hata sehemu laini za ndani, kwa sababu eksirei huonyesha mifupa, ilhali gegedu (sehemu laini iliyo kati ya mifupa ya goti) na kano (nyuzi zinazoishikilia) hazionekani humo. Mimi nilifanyiwa upasuaji huo; kabla yake goti langu lilikuwa likikwama kila nikichuchumaa, nisiweze kulinyoosha hadi nilizungushe taratibu kwa mikono miwili. Kipande cha gegedu kilichochanika kilikuwa kikibanwa katikati ya mifupa. Kwa tatizo la namna hiyo, upasuaji huu husaidia kweli. Lakini ikiwa maumivu yanatokana na gegedu kulika kwa umri, usikubali haraka, maana tafiti zimeonyesha kwamba kwa wengi hauleti nafuu zaidi ya ile ya mazoezi.

Muulize daktari pia kama atashona gegedu au ataondoa kipande, kwani aliyeshonwa kwa kawaida hutumia magongo kwa wiki kadhaa. Mimi niliondolewa kipande, nikabaki na makovu mawili chini ya pia ya goti, kila moja halifiki sentimita 1. Kazi kubwa ilikuwa kurudisha misuli ya paja iliyonywea, na mazoezi hayo nakusihi usiyaache. Baada ya upasuaji, shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu bega uliloligusia mwishoni, nawaachia waliolipitia.