Maswali na Majibu: Nani Anayasimamia Mabanda Makubwa ya Nguruwe ya Iowa?

Jimbo la Iowa, lililo katikati ya Marekani, lina watu milioni 3 na ushei na nguruwe zaidi ya milioni 20, yaani takriban theluthi moja ya nguruwe wote wa nchi hiyo. Wasomaji wanaoishi huko, ambao baadhi yao wanafanya kazi katika viwanda vya nyama na wengine mabandani kwenyewe, wametuuliza jinsi serikali inavyousimamia ufugaji huo. Tunajibu hapa maswali yaliyojirudia zaidi.

Tumesikia kwamba mtu anataka kujenga mabanda ya nguruwe 5,000 karibu na mji wetu. Je, kaunti inaweza kumzuia?

Haiwezi. Sheria ya jimbo inazikataza kaunti kujitungia masharti yao juu ya ufugaji, na kibali cha ujenzi hutolewa na Idara ya Maliasili ya Iowa. Kibali hicho kinahitajika pale mabanda yaliyofungwa yanapofikia vizio 1,000 vya mifugo, kizio kikiwa kipimo cha kulinganisha mifugo ya aina na ukubwa tofauti. Kwa kuwa nguruwe mmoja wa kunenepeshwa huhesabiwa kuwa sehemu 0.4 ya kizio, vizio 1,000 ni sawa na nguruwe 2,500, na mradi mnaouzungumzia ni wa vizio 2,000.

Kilichoachiwa kaunti ni jedwali la alama lililotokana na sheria ya mwaka 2002, ambalo kaunti hulikubali kwa azimio linalopitishwa upya kila mwaka. Mwombaji hupewa alama anapoyaweka mabanda yake mbali na nyumba, shule, visima na mito kuliko umbali wa chini unaotakiwa na sheria, na pia kutokana na namna atakavyoihifadhi na kuimwaga samadi. Alama zote ni 880, na anayepata 440 amefaulu, mradi asishuke chini ya kiwango katika mojawapo ya vipengele vitatu, yaani hewa, maji na jamii. Mwanafunzi anayeleta nyumbani nusu ya alama huambiwa aongeze bidii, lakini mfugaji wa Iowa hupewa kibali.

Hata hivyo, msiache kuhudhuria kikao cha wasimamizi wa kaunti, yaani baraza linaloiongoza. Malalamiko ya jumla kwamba kutakuwa na harufu hayana uzito mbele ya Idara, ila hoja ya kwamba mwombaji amejipa alama za umbali asiostahili, au kwamba kuna kisima ambacho ramani yake haikukionyesha, inaweza kumwangusha chini ya 440. Jipatieni nakala ya maombi na mpime wenyewe. Wasimamizi wakipendekeza mradi ukataliwe na Idara ikaukubali, kaunti inaweza kukata rufaa kwa Tume ya Kulinda Mazingira ya jimbo.

Mbona mabanda mengi huku yana nguruwe 2,400 na kitu, na hayafikishi 2,500?

Hesabu iliyotangulia inalijibu swali hili. Anayebaki chini ya 2,500 haombi kibali cha ujenzi, wala jedwali la alama halimgusi. Hii haimaanishi kwamba yuko huru kabisa, kwa sababu anayezidi vizio 500, yaani nguruwe 1,250, hulazimika kuwasilisha mpango wa matumizi ya samadi na kuuhuisha kila mwaka. Majirani, hata hivyo, hawana kikao cha kusemea.

Ninaishi Des Moines, mji mkuu wa Iowa. Kila mwaka tunasikia habari za nitrati katika maji. Ikiwa kila mfugaji ana mpango wa samadi uliopokelewa na serikali, nitrati hiyo inatoka wapi?

Swali hili linagusa kiini cha jambo lenyewe. Nitrati ni kemikali yenye nitrojeni, kirutubisho kilichomo katika mbolea na samadi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa ni miligramu 10 za nitrojeni ya nitrati kwa lita, na kiliwekwa hasa kwa ajili ya watoto wachanga, ambao damu yao hushindwa kubeba oksijeni ipasavyo nitrati ikizidi. Des Moines hupata maji yake kutoka mito ya Raccoon na Des Moines, na tangu mwaka 1992 imekuwa na mtambo maalumu wa kuondoa nitrati, mmojawapo wa mikubwa zaidi duniani. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya jiji ilizishtaki wilaya za mifereji, yaani vyombo vinavyosimamia mifereji ya kukausha mashamba, za kaunti za Buena Vista, Calhoun na Sac, na mwaka 2017 mahakama ya shirikisho ikaitupa kesi hiyo. Mwezi Juni 2025 wakazi walipigwa marufuku kumwagilia nyasi za nyumba zao, ili mitambo ya kusafisha isizidiwe.

Haki inatudai tuseme kwamba nitrati hiyo haitoki katika samadi peke yake. Mbolea ya viwandani inayotiwa kwenye mahindi ina sehemu kubwa, na mabomba yaliyofukiwa chini ya mashamba ili kuyakausha huyapeleka maji moja kwa moja mitoni. Sheria nayo haijalala: mwenye mabanda yanayozidi vizio 500, kwa mfano, hatakiwi kumwaga samadi ya maji juu ya theluji kati ya tarehe 21 Desemba na tarehe 1 Aprili, isipokuwa kwa dharura. Ila mpango wa samadi hukokotolewa shamba kwa shamba, kwa kulinganisha nitrojeni iliyomo katika samadi na mahitaji ya mazao ya shamba hilo. Hakuna ngazi ya utoaji wa vibali inayouliza bonde zima la mto limekwisha kubeba kiasi gani kabla ya kuongeza banda jingine. Mipango mia moja inaweza kuwa halali, kila mmoja kwa nafasi yake, na mto ukachafuka vilevile. Kwa maoni yangu, kasoro hii ni kubwa kuliko uzembe wa mfugaji yeyote mmoja.

Serikali kuu iko wapi katika haya yote?

Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 inayataja mashamba makubwa ya mifugo kuwa vyanzo vya uchafuzi vinavyohitaji kibali. Mwaka 2003 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilitaka mashamba yote makubwa yaombe kibali hicho, lakini mahakama za rufaa, mwaka 2005 na tena mwaka 2011, ziliamua kwamba anayelazimika kuomba ni yule anayemwaga uchafu majini kwa hakika. Sheria ya Iowa inayakataza mabanda yaliyofungwa kumwaga chochote, basi huchukuliwa kwamba hayamwagi, na mengi hayana kibali cha shirikisho. Hata orodha yenyewe ilikuwa na mapengo: mwaka 2017 Idara ya Maliasili, ikitumia picha za setilaiti, ilibaini maeneo zaidi ya 5,000 ambayo hayakuwa katika kumbukumbu zake, ingawa mengi yalikuwa madogo kiasi cha kutobanwa na masharti.

Harufu imetushinda. Je, tunaweza kushtaki?

Mnaweza, lakini njia imekuwa nyembamba. Sheria ya jimbo inawakinga wafugaji dhidi ya kesi za kero, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Iowa ilitengua uamuzi wake wa mwaka 2004 uliokuwa umewafungulia majirani mlango. Kinga hiyo huondoka mfugaji akivunja sheria, kwa hiyo muulizeni wakili kwanza kuhusu kumbukumbu za ukaguzi.

Ninafanya kazi ya kufyonza samadi mabandani. Nani anakagua usalama wetu?

Pengine hakuna. Kwa miaka mingi Bunge la Marekani limezuia fedha za ukaguzi wa usalama kazini kutumika katika mashamba yenye wafanyakazi 10 au pungufu, na mabanda mengi yana wachache kuliko hao. Samadi inapokorogwa ili ifyonzwe, hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo hunuka kama mayai viza, na ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hivyo harufu kupotea ghafla si dalili ya usalama. Usiingie katika shimo la samadi bila kifaa cha kupumulia, hata kumwokoa mwenzako, kwani waokoaji wengi wamefia humohumo. Piga simu ya dharura, 911.

Tukiona samadi imemwagika mtoni, tufanye nini?

Mfugaji anatakiwa kuiarifu Idara ya Maliasili ndani ya saa 6. Msimngoje: pigeni wenyewe simu ya dharura ya Idara, mtaje mahali na saa, na mpige picha mkiwa barabarani bila kuingia katika shamba la mtu, kwa kuwa Iowa ina sheria kali juu ya wanaoingia mashambani bila ruhusa. Samaki waliokufa wasiondolewe mpaka mkaguzi afike, kwa sababu Idara huwahesabu na mhusika hutozwa thamani yao.