Maji baridi mengi hayako ziwani
Wapo wanaodai Ziwa Tanganyika lina nusu ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya dunia. Hapana, halina. Lina takriban asilimia 16 ya yaliyo juu ya ardhi, ukiacha barafu, na hiyo si haba. Hesabu nzima ya maji baridi ya dunia ni hivi: karibu asilimia 69 ni barafu, hasa Antaktika na Greenland, asilimia 30 yako chini ya ardhi, maziwa na mito yote hayafiki hata asilimia moja.

Ila ndugu wa Tabora msichimbe kisima kwa kuiamini hiyo 30. Huko chini ni granaiti, mwamba mgumu, maji hukaa kwenye tabaka lililolainika juu yake na kwenye nyufa. Ukikosa ufa, mita 100 zinatoa vumbi tu. Ardhi ipimwe kwanza kwa umeme ili kujua maji yalipo.